Metali za kagome: msuko wa dema unaobadilisha mwenendo wa umeme

Katika miaka ya karibuni neno "kagome" limekuwa likitajwa mara kwa mara kwenye habari za sayansi. Mara nyingine linaandamana na maneno makubwa: umeme usiopotea njiani, kompyuta za aina mpya, madini ya ajabu. Katika makala hii tunaeleza jambo lenyewe ni nini, nini kimethibitishwa, nini bado kinabishaniwa, na lina maana gani kwa msikilizaji wetu wa Makuyuni na maeneo mengine ya Korogwe na Handeni.

Tumetumia vitu vinavyojulikana huku kwetu: dema, mafiga, shamba la mkonge na mtungi wa bwana mifugo. Hesabu za jambo hili ni ngumu, lakini wazo lake halimshindi mtu aliyewahi kusuka kikapu.

Kwa ufupi

Metali za kagome ni metali ambazo atomu zake zimejipanga kwa mfano wa msuko wa kikapu chenye macho ya pembe sita. Mpangilio huo unazifanya elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba umeme, zienende tofauti na zinavyofanya kwenye waya wa kawaida. Zikipozwa sana, elektroni hizo hujipanga zenyewe kwa mistari na madoa yanayojirudia. Hali hiyo huitwa mpangilio wa chaji. Zikipozwa zaidi, baadhi ya metali hizo hupitisha umeme bila kupoteza chochote. Mpaka sasa hakuna kifaa cha dukani kinachotumia hali hizi za baridi kali. Ni utafiti wa maabara.

Jina limetoka wapi

Kagome ni neno la Kijapani. "Kago" ni kikapu, na "me" ni jicho. Kwa hiyo kagome ni macho ya kikapu. Kiswahili nacho kina lugha hiyo hiyo: mvuvi husema macho ya wavu, akiwa na maana ya matundu yake.

Msuko wenyewe si mgeni kwetu. Ukishuka na Mto Pangani mpaka pwani, utawakuta wavuvi wanaotumia dema, mtego wa samaki unaosukwa kwa fito. Ulitazame dema kwa karibu. Fito zinakwenda pande tatu, na zinapokatana zinaacha jicho la pembe sita. Kuzunguka kila jicho kuna pembetatu ndogo ndogo. Huo ndio msuko wa kagome. Ukiwa na tenga nyumbani, hesabu pembe za tundu lake. Kama ni nne, ni msuko mwingine. Kama ni sita, na fito zake zinakwenda pande tatu, unao mfano wa somo hili mikononi.

Aliyeliingiza jina hili kwenye fizikia ni Mjapani Itiro Syozi, mwaka 1951. Alikuwa anakokotoa jinsi sumaku ndogo ndogo zitakavyojipanga kama kila moja imewekwa pale fito mbili zinapokatana. Kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa la kwenye karatasi. Baadaye zikapatikana fuwele za kweli ambazo atomu zake zimekaa hivyo hivyo. Fuwele ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, kama chembe ya chumvi au ya sukari.

Umeme ndani ya waya wa kawaida

Kabla ya kufika kwenye kagome, tuanze na waya wa shaba. Ndani yake kuna atomu zilizojipanga, na elektroni zinazoweza kuhama kutoka atomu moja hadi nyingine. Ukiunganisha waya na betri, elektroni husukumwa upande mmoja. Huo ndio mkondo wa umeme.

Njiani elektroni hugongana na atomu zinazotikisika, na hugonga pia kasoro zilizomo ndani ya metali. Kila mgongano hupoteza nishati kidogo, nayo hugeuka joto. Ndiyo maana waya uliobebeshwa mzigo mkubwa hupata moto, na ndiyo maana sehemu ya umeme unaozalishwa kwenye mitambo kama ile ya Hale, hapa Korogwe, hupotea kabla haujafika kwenye taa. Kizuizi hicho huitwa ukinzani.

Katika shaba, elektroni zinapishana bila kujaliana sana. Kila moja inakwenda kama vile nyenzake hazipo, sawa na abiria stendi, kila mmoja na safari yake. Katika metali za kagome hali inabadilika. Elektroni zinalazimika kujaliana, na kinachozilazimisha ni umbo la msuko.

Msuko unazifanya nini elektroni

Elektroni ina tabia mbili. Ni chembe, lakini pia inasafiri kama wimbi. Tupa mawe mawili kwenye bwawa lililotulia. Mawimbi yatakutana. Mahali ambapo mgongo wa wimbi moja unakutana na bonde la wimbi jingine, maji yanabaki yametulia. Mawimbi mawili yamefutana.

Sasa rudi kwenye jicho la dema. Lina pembe sita, na tuseme kila pembe ina atomu. Elektroni ikilizunguka jicho hilo, wimbi lake linaweza kuwa mgongo kwenye atomu ya kwanza, bonde kwenye ya pili, mgongo kwenye ya tatu, na kuendelea hivyo mpaka ya sita. Nje ya jicho, kwenye ncha ya kila pembetatu, kuna atomu nyingine. Atomu hiyo ya nje inagusana na atomu mbili za jicho: moja yenye mgongo na moja yenye bonde. Zinapofika kwenye ncha, mbili hizo zinafutana. Elektroni haina pa kutokea. Imenaswa ndani ya jicho, ingawa hakuna ukuta.

Samaki ndani ya dema hunaswa na fito. Elektroni hunaswa na hesabu ya mawimbi yake yenyewe. Elektroni zilizonaswa namna hiyo zinakuwa nzito na za polepole, na kwa kuwa hazikimbii, zinaanza kuhisiana. Moja ikisogea, nyingine zinaathirika.

Msuko huo huo una upande wa pili. Kwa mwendo mwingine wa wimbi, elektroni hupenya haraka mno, kana kwamba hazina uzito. Kuna pia hali ya kati, ambayo elektroni nyingi zinajikuta zote zina kiwango kimoja cha nishati, kama watu waliosongamana mlangoni. Msongamano wa aina hiyo hauwezi kudumu. Jambo dogo likitokea, kundi zima linajipanga upya. Hapo ndipo mpangilio wa chaji unapoanzia.

Mafiga matatu

Umbo la pembetatu lina ugumu mwingine, nao unaeleweka vizuri jikoni. Chukua mafiga matatu. Kila figa lipakwe chokaa au masizi, moja kati ya hizo mbili. Sharti ni kwamba kila figa lisifanane na jirani yake. La kwanza lipake chokaa, la pili masizi. La tatu je? Ukilipaka chokaa linafanana na la kwanza, ukilipaka masizi linafanana na la pili. Haiwezekani kuyaridhisha yote matatu.

Atomu nyingi ni sumaku ndogo, na katika baadhi ya metali kila moja inataka ielekee kinyume na jirani yake. Zikiwa zimekaa kwenye mraba, zinapatana. Zikiwa kwenye pembetatu, zinakwama. Katika msuko wa kagome pembetatu ziko kila mahali, kwa hiyo mgogoro huo hauna mwisho. Kwa sababu hiyo metali za kagome huwa na njia nyingi za kujipanga ambazo zinakaribiana kwa nguvu, na kichocheo kidogo, kama baridi, shinikizo au sumaku, huihamisha metali kutoka njia moja hadi nyingine.

Mpangilio wa chaji ni nini

Wanaojua mashamba ya mkonge ya Korogwe wanajua upandaji wa mistari miwili miwili. Mistari miwili inakaa karibu karibu, kisha inaachwa nafasi pana, kisha mistari mingine miwili. Idadi ya mimea ni ile ile ambayo ungeweza kuipanda kwa nafasi sawa, ila sasa shamba lina utaratibu mpya: pamejaa, pameachwa, pamejaa, pameachwa.

Elektroni kwenye metali ya kagome hufanya jambo la namna hiyo. Metali ikiwa na joto la kawaida, elektroni zimesambaa sawasawa, kila jicho linafanana na jingine. Ikipozwa na kufika kiwango fulani cha baridi, ghafla elektroni zinakuwa nyingi zaidi sehemu fulani na chache sehemu nyingine, kwa utaratibu unaojirudia. Atomu nazo zinasogea kidogo sana kufuata. Kipimo cha utaratibu huo mpya ni mara mbili ya ule wa zamani: ukihesabu macho ya msuko, mchoro unajirudia kila baada ya macho mawili badala ya kila jicho.

Huu ndio mpangilio wa chaji. Ni kama maji yanavyoganda kuwa barafu, ila hapa kinachoganda ni mtawanyiko wa elektroni, wakati metali yenyewe imekuwa ngumu tangu mwanzo. Wanasayansi huiita hali ya namna hii awamu, kama vile barafu, maji na mvuke vilivyo awamu tatu za kitu kimoja.

Ni baridi kiasi gani

Wafugaji wetu wameuona mtungi ambao mtaalamu wa uhimilishaji huutumia kubebea mbegu za madume, kama zile zinazotoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Ndani yake kuna nitrojeni ya kimiminika. Joto lake ni nyuzi 196 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Ukiufungua mtungi, moshi mweupe unaouona ni unyevu wa hewa uliogandishwa na baridi hiyo.

Mpangilio wa chaji katika metali ya kagome iliyochunguzwa zaidi huanza kwenye nyuzi 179 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo kipande chake kikitumbukizwa kwenye nitrojeni ya mtungi kama huo, elektroni zake zitakuwa zimeshajipanga. Mpaka wa chini kabisa wa baridi, ambao hakuna kitu kinachoweza kuupita, ni nyuzi 273 chini ya sifuri. Kelvini ni kipimo kinachoanza kuhesabu kutoka hapo: sifuri ya Kelvini ndiyo mwisho wa baridi.

Familia ya vanadiamu

Mwaka 2019 kikundi cha watafiti akiwamo Mmarekani Brenden Ortiz kilitangaza familia mpya ya metali za kagome. Ziko tatu. Zote zina vanadiamu na antimoni. Vanadiamu ni metali inayotumiwa viwandani kuimarisha chuma cha pua, na antimoni ni kitu cha kijivu chenye kung'aa kinachovunjika kirahisi. Tofauti ya hizo tatu ni kiungo cha tatu: moja ina potasiamu, ya pili ina rubidiamu, ya tatu ina sisiamu. Atomu za vanadiamu ndizo zinazosuka kagome. Hivyo vingine vinashika msuko na kutenganisha tabaka moja na jingine.

Mpangilio wa chaji huanza kwenye viwango hivi vya joto:

- Yenye sisiamu: Kelvini 94, yaani nyuzi 179 chini ya sifuri.
- Yenye rubidiamu: karibu Kelvini 103, yaani nyuzi 170 chini ya sifuri.
- Yenye potasiamu: Kelvini 78, yaani nyuzi 195 chini ya sifuri.

Mchoro wenyewe umeonekana kwa hadubini maalumu yenye sindano kali sana, inayopita juu ya fuwele bila kuigusa na kupima elektroni atomu kwa atomu. Mwaka 2021 kikundi cha Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kilichapisha picha za ile yenye potasiamu, zinazoonyesha mchoro unaojirudia kila baada ya macho mawili.

Umeme usiopotea, ndani ya baridi kali zaidi

Mwaka 2020 Ortiz, akiwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na Stephen Wilson na wenzao, walionyesha kwamba ile yenye sisiamu inafanya jambo la pili. Ikipozwa mpaka Kelvini 2 na nusu, ukinzani wake unakuwa sifuri. Umeme unapita bila kupotea hata kidogo. Metali iliyo katika hali hiyo huitwa superkondakta. Zile mbili nyingine huifikia hali hiyo chini kidogo ya Kelvini 1.

Superkondakta si habari mpya. Mwaka 1911 Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aliigundua kwenye zebaki iliyopozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Leo mashine za MRI katika hospitali kubwa zina koili za superkondakta ndani yake, ingawa hizo hazikutengenezwa kwa metali za kagome.

Kinachowavuta watafiti kwenye kagome ni kwamba hali mbili zinaishi ndani ya kipande kimoja. Elektroni zimekwisha kujipanga kwa mpangilio wa chaji, na bado baadaye zinaunda superkondakta. Je, hali hizo mbili zinasaidiana au zinagombana?

Jibu limepatikana kwa kiasi fulani kwa kuibana fuwele. Ile yenye sisiamu ikibanwa kwa shinikizo la karibu mara elfu 20 ya shinikizo la hewa tunayovuta, mpangilio wa chaji unatoweka. Wakati huo huo, joto ambalo superkondakta huanzia linapanda mpaka karibu Kelvini 8, zaidi ya mara tatu ya lilivyokuwa. Kwa hiyo hali hizo mbili zinagombania elektroni zile zile. Moja ikiondolewa, nyingine inapata nguvu.

Jambo linalobishaniwa

Kuna dai moja ambalo bado halijamalizika. Baadhi ya watafiti wanasema kwamba mpangilio wa chaji katika metali hizi unaambatana na mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya msuko bila kusimama, kila jicho au pembetatu na mzunguko wake, ingawa metali yenyewe si sumaku. Kama ni kweli, hiyo ni hali ambayo wataalamu wa nadharia waliifikiria kwa miaka mingi bila kuipata waziwazi.

Mwaka 2022 vipimo vilivyofanywa Uswisi kwa kutumia chembe ziitwazo muoni vilionyesha dalili za usumaku dhaifu sana ndani ya ile yenye potasiamu, ulioanza pamoja na mpangilio wa chaji. Dalili hizo zinakubaliana na mikondo ya kuzunguka. Vikundi vingine vilipima kwa mwanga, kwa kutazama kama mwanga unaorudi kutoka kwenye fuwele umepindishwa. Hapo majibu yalitofautiana. Wapo walioona mwanga umepinda, na wapo waliopima kwa usahihi mkubwa wasione kitu. Imebainika pia kwamba fuwele hizi ni nyepesi kuathirika: ikivutwa au kubanwa kidogo tu na gundi iliyoishikilia, tabia yake inaweza kubadilika.

Watu wa Tanga na Tanzania kwa jumla wanapaswa kuuelewa ubishi wa namna hii. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba, akiwa Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda mapema kuliko ulioachwa upoe kwanza. Alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekubali kulipima jambo hilo. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja. Mpaka leo wapo waliolipima wakaliona, na wapo waliolipima wasilione, kwa sababu matokeo yanategemea chombo, maji na namna ya kupoza. Hakuna aliyedanganya. Kupima kitu kinachobadilika wakati kinapoa ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na njia ya kutoka ni kurudia kipimo mara nyingi, mahali tofauti, na kueleza wazi kilifanywaje.

Kagome nyingine

Familia ya vanadiamu siyo pekee. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mchanganyiko wa chuma na jemaniamu, ambao atomu zake za chuma zimesuka kagome, nao una mpangilio wa chaji unaoanzia karibu Kelvini 100. Jipya hapo ni kwamba mchanganyiko huo tayari una usumaku wa ndani, ambao tabaka zake za chuma zinaelekea kinyume, na mpangilio wa chaji unapoanza, usumaku huo unaimarika. Chaji na sumaku zinakwenda pamoja.

Mwaka 2015, kikundi cha Chuo Kikuu cha Tokyo kikiongozwa na Satoru Nakatsuji kilionyesha kwamba mchanganyiko wa manganizi na bati, ambao manganizi yake imesuka kagome, unaugeuza mkondo wa umeme uende pembeni kama vile kuna sumaku kubwa karibu, wakati usumaku wake wenyewe karibu haupo. Jambo hili linatokea katika joto la kawaida la chumba, bila nitrojeni wala mtungi. Kwa hiyo ndilo lililo karibu zaidi na matumizi: watafiti wanajaribu kulitumia kuhifadhi taarifa, kazi ambayo leo inafanywa na kumbukumbu ya simu na kompyuta.

Lina faida gani kwetu

Kwa leo, hakuna faida ya moja kwa moja. Umeme unaofika Makuyuni hautabadilika mwaka huu wala ujao kwa sababu ya kagome. Superkondakta inayohitaji Kelvini 2 haiwezi kutandazwa kwenye nguzo. Gharama ya kuipoza ingezidi umeme wote uliookolewa.

Faida iko kwenye kuelewa. Watu wanatafuta metali itakayopitisha umeme bila hasara katika joto la kawaida, na hakuna anayejua kanuni ya kuitafuta. Metali za kagome zinawapa watafiti mahali ambapo msuko unajulikana, mawimbi yake yanaweza kukokotolewa, na hali kadhaa zinaonekana zikigombana ndani ya kipande kimoja. Kila kinachoeleweka hapo kinapunguza kubahatisha kwenye utafutaji huo mkubwa.

Je, madini haya yako kwetu?

Hili ni swali la haki, hasa kwa wachimbaji wadogo wa Handeni. Viungo vyake vingine viko Tanzania. Vanadiamu imo kwenye mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa. Bati huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Lakini fuwele tulizozieleza hapa hutengenezwa maabara kwa kuyeyusha viungo vilivyosafishwa na kuvipoza polepole. Kipande cha maabara kwa kawaida ni chembamba na kina upana wa milimita chache. Jiwe lenye vanadiamu halina thamani zaidi kwa sababu ya habari hizi.

Tunasema hili kwa sababu maneno ya kisayansi hutumiwa na matapeli. Mtu akikuuzia "jiwe la kagome" kwa madai kwamba linazalisha umeme, linaongeza chaji ya simu au linatafutwa na wazungu kwa mamilioni, usitoe fedha yako. Mpangilio wa chaji tuliouzungumzia hauhusiani na chaji ya betri, ingawa neno ni moja. Mwenye madini ya kweli ayapeleke kupimwa kwenye ofisi ya madini.

Vijana wetu wanaweza kuingiaje

Vipimo vya baridi kali vinahitaji maabara ya gharama kubwa. Ukokotoaji wa mawimbi ya elektroni hauhitaji hivyo vyote. Unahitaji hisabati, kompyuta na programu, na mojawapo ya programu zinazotumika sana, Quantum ESPRESSO, inatolewa bure. Kwa miaka kadhaa kumekuwa na shule ya Afrika ya ukokotoaji wa elektroni ndani ya vitu, ijulikanayo kwa kifupi ASESMA, inayowakutanisha vijana wa vyuo vikuu. Mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, Kenya, na mwaka 2023 Kigali, Rwanda. Kigali kuna pia taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi, EAIFR, inayopokea wanafunzi wa shahada za juu kutoka ukanda wetu.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, mlango wa kwanza ni fizikia na hisabati za kidato cha tatu na cha nne: mawimbi, umeme, sumaku na joto. Yote yaliyoelezwa kwenye makala hii yamejengwa juu ya mada hizo nne.

Maneno ya kukumbuka

- Kagome: msuko wa macho ya pembe sita yaliyozungukwa na pembetatu.
- Elektroni: chembe ndogo inayobeba umeme, yenye tabia ya wimbi pia.
- Ukinzani: kizuizi kinachopoteza umeme kwa kuugeuza joto.
- Mpangilio wa chaji: elektroni kujipanga pengi na pachache kwa utaratibu unaojirudia.
- Superkondakta: kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa vya kutosha.
- Kelvini: kipimo cha joto kinachoanzia mwisho wa baridi, nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi.